Mafua yakikukuta una pumu: ninavyojikinga mimi hapa Tanga

Tanga tunasema waja leo waondoka leo, ila mafua hayaujui huo msemo. Yakiingia kwenye kifua changu yanakaa wiki tatu, yanakula yanalala, na siku ya kuondoka yanakuachia kikohozi cha kukusindikiza mwezi mzima.

Mwaka juzi mwezi wa sita wifi yangu kashuka kutoka Lushoto na wanawe wawili, shule zimefungwa, wamekuja na ndoo ya mapeasi na yule mdogo ana makamasi mpaka mdomoni. Mi fundi cherehani, nakaa Ngamiani, na mwezi wa sita ndo msimu wa yunifomu za shule kufungua, kwahiyo nyumba imejaa tetroni na vumbi la kitambaa na watoto wananidandia mapajani wanataka vifungo vya kuchezea. Siku ya tatu koo likaanza kuwasha. Ya nne pua. Usiku wa siku ya tano, saa tisa, nimekaa kwenye kiti nimeinamia cherehani, mikono imeng'ang'ania meza, kifua kinapiga miluzi kama birika, nikiminya pampu ya bluu, ile ya kuvuta ukibanwa, inatoa upepo tu, kumbe dawa ilishaisha siku nyingi. Mume wangu katoka na baiskeli kwenda kutafuta bajaji gizani, na hiyo baiskeli yenyewe haina taa.

Hospitali wakaniwekea ile mashine ya mvuke wa dawa, nilipoanza kupata pumzi nesi akaniuliza, "Dada, na ile pampu ya kahawia unavuta kila siku?" Nikanyamaza. Ile ya kahawia ilikuwa kwenye droo ya nyuzi, ina miezi minne sijaigusa, maana nilikuwa najiona mzima.

Mi sio dokta. Haya nimefundishwa kliniki na mengine nimejifunza kwa kuumia, na mwanangu naye anayo pumu kwahiyo nafanya kila kitu mara mbili. Dozi yako muulize anayekutibu.

Kwanza ujue kwanini mafua ya jirani ni mafua na yako wewe ni bajaji ya saa tisa usiku. Mirija ya kwenye mapafu ya mwenye pumu ina uvimbe fulani muda wote, hata siku unayocheka na kupanda ngazi. Kirusi cha mafua kikiingia, uvimbe unaongezeka, makohozi yanakuwa mazito, alafu misuli inayozunguka mirija inajibana, yani mambo matatu kwa mpigo kwenye njia ambayo ilikuwa nyembamba tangu mwanzo. Na kirusi chenyewe mara nyingi sio kitu cha ajabu, ni hiki hiki cha mafua ya kawaida kinachoitwa rainovirusi, mtu mwingine kinampa kamasi siku nne basi. Uingereza waliwahi kufuatilia watoto wa miaka 9 mpaka 11 wenye shida ya kifua, majibu yakatoka 1995, wakakuta virusi kwenye asilimia 80 mpaka 85 ya vile vipindi ambavyo kifua kilizidi. Tunalaumu vumbi, tunalaumu upepo wa kusi, tunalaumu maji ya baridi, kumbe muda mwingi ni kamasi la mtu.

Sasa hapo watu wanakimbilia kuuliza ninywe nini nisipate mafua. Ngoja. Mafua utayapata tu, labda uhame dunia. Kazi kubwa ni yakija yakute mirija imetulia, na hiyo ndo kazi ya pampu ya kahawia.

Pampu ziko za aina mbili na mkanganyiko wake unaumiza watu wengi. Ya bluu kwa kawaida ni salbutamo, inalegeza misuli iliyobana, unapata nafuu ndani ya dakika chache, ila uvimbe haiugusi kabisa. Ya kahawia kwa kawaida ni beklometasoni, ni steroidi ya kuvuta, hiyo ndo inayotuliza uvimbe, na haikupi nafuu ya papo hapo ndo maana watu wanaiona haifanyi kazi wanaiacha. Inataka siku, hata wiki, ndo uone tofauti. Rangi zenyewe zinabadilika kutegemea kampuni kwahiyo soma jina la dawa, usiende na rangi tu, mi nishawahi kuuziwa ya rangi nyingine kabisa nikabishana na muuzaji bure. Na kuna pampu mpya zina dawa mbili ndani, steroidi pamoja na formoterol, unaivuta kila siku na ukibanwa unaivuta hiyo hiyo. Tangu 2019 mwongozo wa pumu wa kimataifa, ule wa GINA, unasema mtu mzima au kijana asitibiwe kwa bluu peke yake. Kama kabati lako lina bluu tu, nenda kliniki ukaulize, usisubiri kubanwa.

Ile hofu ya "nitaizoea" naijua, mama yangu mpaka leo ananiambia mwanangu hiyo dawa itakufanya teja. Steroidi ya kuvuta inaingia kidogo sana na inaenda kwenye mapafu moja kwa moja, sio sawa na vidonge. Unachotakiwa ni kusukutua mdomo na kutema kila ukimaliza kuvuta, la sivyo unaota utando mweupe mdomoni na sauti inakauka. Mi naivuta kabla ya kupiga mswaki, asubuhi na usiku, kwahiyo kusukutua kunakuja kwenyewe na siwezi kusahau.

Kuhesabu nako muhimu, usinifanyie nilichofanya mimi. Pampu nyingi zina mipulizo 200. Kama unavuta miwili asubuhi na miwili usiku ni minne kwa siku, siku 50 imeisha, hata kama ukiitikisa unasikia kitu ndani na ukiminya inapuliza. Ile inayopuliza mwishoni ni gesi. Siku ninayofungua mpya nachukua chaki yangu ya fundi, hapana chaki inafutika, nachukua maka peni naandika kwenye ganda tarehe ya kufungua na tarehe ya kuisha. Kwa ile ya bluu nachora vijiti kwenye boksi. Kuna wanaotumbukiza kile kichupa kwenye maji waone kama kinaelea, achaneni nayo hiyo, haikupi jibu la kweli na inaweza kuziba tundu. Alafu usiiache kwenye jua au kwenye boksi la bodaboda, joto la kaskazi mnalijua.

Na kuvuta kwenyewe. Nilivuta vibaya miaka kumi na moja, nilikuwa napulizia koo tu. Tikisa kwanza, toa pumzi yote nje, funga midomo vizuri kwenye pampu, minya mara moja huku unavuta taratibu na kwa kina, sio kwa kushtuka kama mtu aliyemwagiwa maji, alafu bana pumzi uhesabu mpaka kumi. Subiri nusu dakika mpaka dakika ndo uvute wa pili. Wengi wetu hatuwezi kuoanisha kuminya na kuvuta, watoto ndo kabisa, dawa inaishia kwenye ulimi. Dawa ya hilo ni speisa, ile chemba unayochomeka pampu upande mmoja na mdomo upande mwingine.

Speisa ya dukani ni ghali na saa nyingine haipatikani, ila ya kutengeneza ipo na sio utani. Cape Town kule Afrika Kusini walijaribu chupa ya plastiki ya nusu lita kwa watoto waliobanwa, wakalinganisha na speisa ya kiwandani, wakaandika matokeo 1999, chupa ikafanya kazi vizuri. Ya mwanangu nimetengeneza hivi: chupa ya maji ya nusu lita, iwe safi na kavu. Nikapinda waya kwa kufuata umbo la mdomo wa pampu, lile duara lililobonyea, nikaupasha kwenye jiko mpaka ukawa mwekundu, nikaushika kwa koleo na kuukandamiza kwenye kitako cha chupa. Plastiki ikatoboka kwa umbo lile lile, na kabla haijapoa nikachomeka mdomo wa pampu ili ibane vizuri isivujishe hewa. Pembeni nikazungushia gundi. Fanyia nje maana moshi wa plastiki kwa mwenye pumu ni kujitafutia. Mtoto anaweka mdomo pale kwenye shingo ya chupa ambapo kizibo kinakaa, unaminya mara moja, anavuta na kutoa pumzi mara tano au sita humo humo bila kuachia. Mpulizo mmoja mmoja, usiminye miwili kwa pamoja. Kabla ya kuianza ioshe na maji yenye sabuni ya vyombo kidogo, usiifute kwa kitambaa, iache ikauke yenyewe, maana plastiki ikisuguliwa inakuwa na umeme fulani unaonasa dawa ukutani na mtoto anavuta hewa tupu. Mi kitambaa ndo kazi yangu na hata mimi sifuti. Mtoto mdogo sana asiyeweza kubana shingo ya chupa anahitaji ile yenye kifuniko cha uso, hapo nenda hospitali wakuelekeze.

Haya, sasa kuzuia vijidudu vyenyewe.

Mafua yanaambukiza kuanzia siku moja hivi kabla mtu hajaanza kupiga chafya, kwahiyo kumkwepa mwenye kamasi peke yake haitoshi. Mikono ni mlango mmoja mkubwa. Unashika bomba la daladala ya Raskazone, unashika chenji, unajikuna jicho, kwisha habari yako. Sabuni na maji sekunde 20, kwenye kucha na katikati ya vidole, ukifika nyumbani kabla hata ya kuvua baibui. Kama hamna maji ile sanitaiza yenye alkoholi kuanzia asilimia 60. Mi nimejizoesha kugusa uso kwa mkono wa kushoto upande wa nyuma tu, watu wananiona kama nina kichaa ila imenisaidia.

Huku kwetu shida ni adabu. Msibani utampa mkono kila mtu kuanzia barazani mpaka jikoni, watoto wanakuja kukushika mkono na kuubusu, shikamoo bibi, na kamasi juu. Siwezi kukataa mkono wa mtoto. Ninachofanya napokea, nikitoka naenda kunawa kabla sijala wala kujishika usoni. Kwenye maulidi na harusi nakaa karibu na mlango au dirisha, na ukija msimu wa mafua navaa barakoa, na kama mimi ndo mgonjwa naivaa zaidi maana ni haki ya wenzangu. Watu wameiacha tangu korona ipoe lakini barakoa haikuwa ya korona peke yake. Kwenye daladala masika ikipiga wote wanafunga vioo mnabaki mnapumuliana, mi namwomba konda anifungulie kidogo, akikataa nafungua cha kwangu nalowa bega. Bega linakauka.

Kikombe cha mtungini kila mtu na chake. Taulo hivyo hivyo. Kipulizio cha mtu na kifuniko cha mashine ya mvuke hakuna kuazimana, hata kama ni ndugu, ila ukimpa kwa dharura basi kioshwe na asibaki nacho. Shisha ndo usiniambie, pale kuna moshi na mate ya watu kumi kwenye bomba moja.

Mtoto akiwa anaumwa nyumbani na nyumba ni vyumba viwili kama kwangu huna pa kumtenga. Alale upande wenye dirisha, likae wazi, na kama mnalala kitanda kimoja basi mzungu wa nne, kichwa chake kwenye miguu yenu, angalau hamkoholeani usoni. Akikohoa akohoe kwenye kiwiko. Kitambaa cha kamasi kifuliwe au tishu itupwe hapo hapo, sio kuwekwa chini ya mto.

Moshi nauweka kwenye habari ya maambukizi makusudi kwa sababu watu wanautenganisha. Moshi unachokoza mirija na unadhoofisha ile kinga ya ndani inayosukuma uchafu na vijidudu nje, kwahiyo mwenye kukaa kwenye moshi anaugua kifua mara nyingi zaidi na anaugua vibaya zaidi. Jiko la mkaa liwashiwe uani mpaka moto ukolee, usiliingize ndani mvua ikinyesha ukafunga mlango, hiyo ni hatari hata kwa asiye na pumu. Kuchoma taka na majani makavu jioni, nimegombana na jirani mara mbili, sa hivi ananiambia mapema nafunga dirisha la upande wake. Ile dawa ya mbu ya kuchoma nimeacha, natumia chandarua. Na udi jamani. Mimi mtu wa Tanga, kunikataza udi ni kama kunikataza nazi, lakini nimekubali, chetezo kikipita mi natoka nje, nguo zangu nafukizia uani na zinakaa kwenye kamba mpaka harufu inatulia. Ubani hivyo hivyo. Sigara ya mume wako akavutie mbali, na akirudi nguo bado zina moshi.

Vumbi la kitambaa ni langu peke yangu lakini kila mtu ana lake. Sifagii tena kwa fagio la chelewa chumba cha kazi, nafuta kwa kitambaa kibichi, mito ya sufi nimegawa, na masika ukuta ukiota ukungu nausugua mapema nikiwa nimefunga pua, au nampa mwenye mapafu mazima. Magodoro na mikeka juani kila jua likitoka. Basi.

Chanjo. Watoto wetu wanapata nyingi za kifua kliniki bila wengi kujua: ile ya PCV ya kuzuia kichomi kinachotokana na bakteria anayeitwa nyumokoka iliingia kwenye ratiba ya taifa 2013, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, pamoja na ile ya kuchanganya tano ambayo ndani yake kuna kifaduro, na surua miezi 9 na 18. Usiruke hata moja kisa mtoto anakohoa kidogo, mafua madogo hayazuii chanjo, muulize nesi. Mtu mzima mwenye pumu anashauriwa chanjo ya mafua makali, ile influenza, kila mwaka kwa sababu kirusi chake kinabadilika badilika. Hiyo haipo kwenye chanjo za kawaida za bure, kwahiyo ulizia kwenye hospitali kubwa na kliniki za chanjo za wasafiri. Ya korona ilianza kutolewa nchini Julai 2021. Chanjo haitakuzuia na mafua ya kawaida, tusidanganyane, inakupunguzia yale mabaya.

Sasa umefanya yote na koo linawasha. Siku mbili za kwanza ndo zinaamua.

Ya kahawia usiiache. Narudia kwa sababu watu wakiumwa wanaacha "ili dawa zisigongane". Endelea nayo kama ulivyoandikiwa, na kama dokta wako alishakupa maelekezo ya kuongeza ukianza mafua, ongeza leo, usingoje kifua kibane. Kama hajakupa, muulize siku ya kliniki akuandikie kwenye karatasi: nikianza mafua nifanye nini, nikibanwa nivute mingapi, lini nije. Yangu imebandikwa ndani ya mlango wa kabati, mume wangu kaisoma, mpaka mwanafunzi wangu wa ushonaji kaisoma. Ya bluu iwe karibu, sio chumba kingine, kando ya mto usiku maana kifua kinapenda kubana alfajiri.

Pua iliyoziba inakufanya uhemee mdomo, hewa inaingia baridi na kavu na vumbi lote. Safisha kwa maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa yakawa vuguvugu, unadondoshea au unaingizia taratibu tundu moja moja. Kunywa maji, supu, chai ya tangawizi na limao sina ugomvi nayo, asali inatuliza kikohozi ila mtoto chini ya mwaka mmoja usimpe. Vyote hivyo vinatuliza koo. Havifungui mirija, usije ukakaa na kikombe cha tangawizi huku mbavu zinaingia ndani.

Nyungu. Najua 2020 tulifukizwa wote mpaka tukanukia mwarobaini. Kwa mwenye pumu mvuke wa moto na majani yenye harufu kali unaweza kukubana hapo hapo chini ya blanketi, na sufuria ya maji ya moto ikimwagika ni janga lingine. Mi sipigi nyungu tena, na yale mafuta ya kupaka yenye harufu kali sipaki karibu na pua ya mtoto.

Famasi nako uwe na macho. Mafua ni virusi, antibayotiki haviui virusi, amoksilini ya kununua vidonge sita haikusaidii kitu zaidi ya kuzoesha vijidudu. Homa na kichwa meza parasetamoli. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki sio kila mwenye pumu zinamletea shida, ila wapo zinaowabana vibaya sana, na kama hujijui usijaribie wakati una mafua. Dawa za mafua za kuchanganya soma ndani kuna nini. Na kila unapoandikiwa dawa ya presha au ya moyo sema una pumu, propranolo kwa mfano haitufai. Vidonge vya prednisoloni, zile steroidi za kumeza, navyo watu wananunua wenyewe kama pipi. Vinasaidia sana ukiandikiwa ukibanwa, siku tano mpaka saba kwa mtu mzima na unamaliza, lakini ukivimeza kila mwezi kwa kujiamulia vinashusha kinga, vinapandisha sukari, vinakula mifupa, na wewe ulikuwa unakimbia maambukizi.

Dalili za kutoka nyumbani bila kujadili: huwezi kumaliza sentensi moja bila kuvuta pumzi, mtoto mbavu au chini ya koo panaingia ndani akihema, au hawezi kunyonya wala kula, midomo au kucha zinageuka bluu au kijivu, anasinzia ovyo, au umevuta ya bluu na ndani ya masaa manne unaihitaji tena. Na hii wengi hawaijui, miluzi ikinyamaza ghafla huku mtu bado anahangaika kuhema sio nafuu, ni kwamba hewa haipiti kabisa. Mkalishe wima, usimlaze, fungua vifungo, mpe ya bluu kwa chupa mpulizo mmoja mmoja, minne mpaka kumi, rudia kila baada ya dakika 20 huku mko njiani. Njiani, sio mkisubiri muone. Mi nina namba za madereva wawili wa bajaji wanaokaa mtaa wangu, nimewaambia kabisa nikiwapigia usiku ni kwenda hospitali ya Bombo, wasiniulize bei kwanza.

Ramadhani nayo ina maswali yake. Ya kahawia inapangika vizuri, unavuta baada ya kufuturu na wakati wa daku. Ya bluu mchana, wanazuoni wenyewe hawako pamoja, wapo wanaosema inafunguza na wapo wanaosema haifunguzi, kaa na sheikh wako mmalizane kabla mwezi haujaandama. Ila ukibanwa mchana unavuta, mgonjwa kapewa ruhusa ya kula na kuilipa siku nyingine na hakuna swaumu ya kufia kwenye kiti.

Ukishapona usijifiche, rudi kliniki, hata kama ni wiki moja au mbili baadae, wakuangalie unavyovuta na kama dozi ibadilike. Kikohozi kikivuka wiki mbili nenda kapime makohozi, kipimo cha kifua kikuu ni bure, na pumu haimkingi mtu na TB. Nina jamaa yetu alikohoa miezi mitatu akijiambia ni pumu yake ya siku zote huku anakonda na usiku analowa jasho, na mchana anakaa na wajukuu.

Wifi kapiga simu jana, shule zinafunga wiki ijayo na wanashuka tena. Nimeshafungua pampu mpya, tarehe nimeandika, ndoo ya kunawia nimeiweka mlangoni na sabuni nimeitundika kwenye soksi. Nimemwambia waje, ila mwenye kamasi ni mzungu wa nne upande wa dirishani, na mapeasi wasisahau.